Korosho za Uani: Namna ya Kukaanga na Kubangua

Ukiletewa korosho ghafi kutoka kwetu Newala, juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, usizipeleke jikoni. Hii ni kazi ya uani, tena uani penye nafasi, mbali na nguo zilizoanikwa na mbali na jirani mwenye pumu. Wadogo zangu waliohamia Dar es Salaam hunipigia simu kila msimu, Oktoba mpaka Desemba, kuuliza yaleyale. Haya, dada yenu ameandika.

Cha kuogopa ni mafuta. Ndani ya ganda la korosho mna mafuta meusi, mazito, yanayobabua ngozi. Yakikushika vidoleni utachubuka, yakigusa mdomo utavimba. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, kwa hiyo kama wewe ni wa kuwashwa midomo ukila embe na ganda lake, hapa jihadhari zaidi. Na mtoto asipasue korosho mbichi kwa meno. Watoto wa huku wanalijua hilo tangu wadogo, wa mjini mpaka waambiwe.

Zianike juani siku mbili tatu, hata kama aliyekuletea anaapa zimekauka. Itikise moja karibu na sikio: ikicheza ndani ya ganda, iko tayari. Kisha zichambue, maana tusidanganyane, korosho nzuri zimekwenda chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, kusubiri mnada, na zilizobaki nyumbani mara nyingi ni daraja la pili. Zimwage kwenye ndoo ya maji; zinazoelea tupa, zilizozama zianike tena.

Chombo cha kukaangia ni debe kuukuu lililopasuliwa, au kipande cha bati, kilichotobolewa kwa msumari ili mafuta yadondoke motoni. Kikaango cha chapati kiache kabatini, mafuta haya hayatoki. Tafuta mti mrefu wa kukorogea, na uweke rundo la mchanga mkavu karibu. Maji usiyategemee: ukimwagia maji mafuta yanayowaka, moto unaruka.

Simama upepo ukikupiga mgongoni, kwa sababu moshi wake unawasha macho na koo. Koroga bila kupumzika. Korosho zitaanza kung'aa, zitoe povu na kufoka, halafu moto utashika juu ya bati lenyewe. Wageni hapo hukimbia. Wewe rudi hatua moja, uendelee kukoroga. Sitakutajia dakika, kwani moto wa kuni na moto wa mkaa haulingani. Mimi natazama ganda. Likiwa jeusi tii na sauti ya kufoka imepungua, pindua bati, mwaga zote mchangani, uzifukie mpaka moto ufe. Mchanga pia unafyonza mafuta yaliyobaki. Ukichelewa hapa, kiini kinaungua na hakuna dawa.

Zikipoa, tandika jamvi. Kwangu mimi korosho zinaanzia hapa.

Kila mmoja awe na jiwe bapa la chini na jiwe dogo la mkononi. Vidole vipakwe majivu, na virudiwe kila vinapoanza kuteleza. Huku juu maji tumeyahangaikia miaka mingi, kwa hiyo majivu hatukuyaona kuwa ya kimaskini. Ndiyo yanayozuia mafuta kushika ngozi. Isimamishe korosho kwa ubavu wake mwembamba, mshono juu, ugonge kidogo, uigeuze, ugonge tena. Unataka ganda lifunguke, kiini kibaki kizima.

Mama yetu alikuwa na sheria moja: nzima ni za bakuli, iliyovunjika ni ya aliyeivunja. Bila shaka tulivunja kwa makusudi, na yeye alijua. Alimtazama mvunjaji kidogo, kisha akaendelea na habari zake. Nawaambia wadogo zangu waiache sheria hiyo kama ilivyo. Mtoto anayekula vipande hakimbii jamvi.

Na hizo habari ndizo zinazofanya nikatae korosho za kununua zilizokwisha banguliwa. Shangazi yangu mchana kutwa hasemi neno, lakini mpe jiwe na korosho, atakueleza nani alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na mtoto mgongoni wakati wa vita ile ya kudai uhuru wa Msumbiji iliyoanza 1964, akapokewa na nani, akapewa shamba lipi. Ila usimuulize kama mwandishi wa habari. "Shangazi, tueleze historia ya ukoo" itakupatia kikohozi tu. Muulize juu ya mti: "Shikamoo shangazi. Hivi ule mkorosho wa mpakani, aliupanda nani?" Atakutajia aliyeupanda, mkewe, na ugomvi walioupata na jirani. Mikorosho huishi miaka mingi, na huku kwetu mingi imezeeka kuliko waliorithi mashamba. Redio izimwe, simu ziwekwe ndani. Kama unataka kumrekodi, mwombe kwanza, kisha simu iwekwe mbali na mawe, la sivyo utasikia kugonga tu.

Ngozi nyembamba ya ndani haina taabu. Zirudishe kwenye kikaango kisafi, kikavu, moto mdogo, mpaka ikauke na kukatika ukiifikicha. Nyunyizia maji ya chumvi, ugeuze mpaka yakauke. Zitakuwa na madoa meusi hapa na pale. Za kiwandani ni nyeupe na zinapendeza kwenye sahani ya mgeni, ila harufu ya moshi hazina, na mimi bila harufu hiyo naona nimekula njugu tu.

Maganda yanawaka sana, lakini usiyapikie chakula, yana moshi uleule. Vipande vilivyonusurika na watoto vitwange laini, uvitie kwenye kisamvu pamoja na tui. Vitie mwishoni, kisamvu kikiwa kimeiva, na usiache kukoroga, maana korosho iliyotwangwa inashika chini ya sufuria upesi.