Rufaa ya mgonjwa wa mzio kutoka hospitali ya wilaya: wakati wake na namna ya kuiandaa

Mgonjwa wa mzio anayetoka Makete, Ludewa au Ileje kwenda kwa bingwa ana safari ndefu mbele yake. Mara nyingi huanzia zahanati ya kijiji, akapita kituo cha afya na hospitali ya wilaya, akafika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na pengine akaambiwa aendelee hadi Muhimbili, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, au hadi hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Hata pale bima inapogharimia matibabu, nauli, malazi na siku za shamba zinazopotea hulipwa na familia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya madaktari na matabibu wa ngazi ya wilaya katika Nyanda za Juu Kusini, unasisitiza jambo moja kuliko mengine: mgonjwa aondoke akiwa na swali lililo wazi la kujibiwa na bingwa, pamoja na habari za tukio lake zilizoandikwa zikiwa bado mbichi. Vipimo vya mzio husomwa kwa kufuata habari hizo. Zikikosekana, kipimo chanya hakimwambii bingwa lolote la kutegemewa.

Ieleweke pia kwamba mabingwa waliobobea katika mzio peke yake ni wachache sana nchini. Kazi hiyo hugawanywa kati ya bingwa wa ngozi, bingwa wa pua, koo na masikio, bingwa wa magonjwa ya ndani anayeshughulikia mfumo wa hewa, na bingwa wa watoto. Kabla ya kujaza fomu, amua ni kiungo gani kinachoumia zaidi, kisha uulize kwa simu kama kliniki inayohusika ina kipimo unachokitaka na hufanyika siku gani. Simu hiyo ya dakika tano huokoa safari ya siku mbili.

Kwanza, hakikisha kwamba ni mzio

Katika vijiji vyetu neno "aleji" limebeba mizigo mingi. Anayewashwa husema ana aleji. Anayekohoa kila kipupwe husema ana aleji ya baridi. Anayeharisha baada ya kunywa maziwa husema ana aleji ya maziwa, ilhali mara nyingi tumbo lake limeshindwa tu kusaga sukari ya maziwa, hali isiyohitaji bingwa wa mzio. Usimkatize anapolitumia neno hilo, lakini usilinakili kwenye barua kabla hujauliza: lilianza lini, baada ya nini, kwa muda gani, na ni nini hasa kilichoonekana.

Mwasho wa muda mrefu ndio unaopoteza wagonjwa wengi njiani. Angalia upele kati ya vidole, kwenye viganja vya mikono na sehemu za siri, na uulize kama wengine wanaolala chumba kimoja naye wanajikuna usiku. Kwa mgonjwa wa Rungwe au wa bonde la Kyela, kumbuka usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi, kwa kuwa eneo la Tukuyu limejulikana kwa miaka mingi kuwa na ugonjwa huo, na mwasho wake huweza kufanana kabisa na ukurutu. Pima VVU, kwa sababu vipele vinavyowasha mikononi na miguuni huweza kuwa dalili yake ya kwanza kuonekana. Mpime minyoo pia, au umpe dawa yake, kabla ya kushtushwa na wingi wa chembe za eosinofili kwenye damu, maana minyoo huzipandisha hata kwa mtu asiye na mzio wowote.

Kwa kikohozi, kifua kikuu kiondolewe shaka kwanza, bila mjadala. Kisha uliza kuhusu jiko. Katika wilaya za baridi kama Njombe na Makete, moto wa kuni huwaka ndani ya nyumba saa nyingi za siku, na moshi huo huumiza mapafu ya bibi na ya mjukuu anayelala karibu naye. Kipimo cha mzio hakitauona moshi huo.

Nani apelekwe

Kila aliyepata mzio mkali wa ghafla, yaani anafilaksia, apelekwe, hata kama amepona kabisa na anajiona mzima. Hapa sioni nafasi ya kusitasita. Mfugaji wa nyuki aliyeumwa, kisha akatokwa na mabaka mwili mzima, akapumua kwa shida au akazimia, yumo hatarini akiumwa tena, na anastahili kuonwa na bingwa. Yule ambaye mkono peke yake ulivimba, hata ukavimba hadi kwenye kiwiko, hahitaji rufaa. Anahitaji dawa na maelezo ya kumtuliza. Tofauti kati ya wawili hao inatokana na maswali yako, maana wote wawili watasema tu kwamba waliumwa na nyuki wakavimba.

Kundi la pili ni la dawa, na hapa ndipo ninapoona madhara mengi yasiyo ya lazima. Mtu akiandikiwa "mzio wa penisilini" kwenye daftari la kliniki akiwa mtoto, maneno hayo humfuata maisha yake yote. Tafiti zilizofanywa hasa Ulaya na Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wenye alama hiyo huivumilia penisilini wanapopimwa ipasavyo, na kwamba wengi waliokuwa na mzio wa kweli huupoteza baada ya miaka 10 hivi. Alama hiyo hugeuka balaa pale mjamzito anapogundulika kuwa na kaswende, kwa kuwa kwake hakuna dawa nyingine iliyothibitishwa kumkinga mtoto aliye tumboni, au pale kijana mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi anapohitaji sindano ya penisilini kila mwezi. Wagonjwa wa aina hiyo wapelekwe mapema. Mjamzito apelekwe kwa haraka, na barua itaje umri wa mimba. Kabla ya hapo, uliza kilichotokea. Homa na kutetemeka saa chache baada ya sindano ya kwanza ya kaswende huweza kuwa mwitikio wa mwili kwa vijidudu vinavyokufa, na kuharisha baada ya amoksisilini si mzio.

Tahadhari moja ni nzito. Mgonjwa ambaye ngozi yake ilibabuka na midomo na macho yake yakapata vidonda baada ya septrini, nevirapini, kabamazepini, fenitoini au alopurinoli, asijaribiwe tena dawa hiyo mahali popote, hata kwa kiasi kidogo. Siku za mwanzo anahitaji hospitali inayoweza kumhudumia kama aliyeungua moto. Swali la mzio litakuja baadaye.

Kazi ni chanzo kingine ambacho nyanda zetu zina mifano yake mingi. Maua ya pareto hujulikana kuleta ukurutu wa mguso kwenye mikono, uso na shingo ya anayeyachuma. Vumbi la mbao katika viwanda vya Mafinga na kandokando ya shamba la miti la Sao Hill huweza kuleta mafua yasiyoisha na pumu, na vivyo hivyo vumbi la chai viwandani. Swali linalofungua mlango ni hili: "Ukikaa nyumbani wiki nzima, au ukisafiri kwenda kwa ndugu, hali hupungua?" Akijibu ndiyo, mpeleke mapema, kwa sababu pumu ya kazini inayoachwa kwa miaka huweza kubaki hata baada ya mtu kuacha kazi. Umweleze pia asiache kazi kabla ya kuonwa: ushahidi wa bingwa unaweza kumpatia nafasi nyingine mahali palepale, na mshahara ule ndio unaosomesha watoto.

Pumu ya kawaida ipelekwe pale mgonjwa anapolazwa mara kwa mara, au anapoendelea kubanwa ingawa ametumia dawa ya kuvuta yenye steroidi kwa takriban miezi 3 kwa namna sahihi. Namna hiyo ihakikishwe kwa macho. Mwombe aivute mbele yako. Wengi huipulizia mdomoni na kuimeza. Chupa ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kwenye kitako tundu linalobana mdomo wa inhela (kopo la dawa ya kuvuta), humsaidia mtoto kuivuta vizuri, na baadhi ya rufaa huishia hapo.

Mabaka yanayovimba, kuwasha na kuhama yakizidi wiki 6, anza setirizini, dawa ya kuzuia mwasho, miligramu 10 kila siku, bila kuruka siku. Mtu mzima mwenye figo nzima anaweza kupandishiwa hadi mara 4 ya kiasi hicho. Rufaa ifuate pale hayo yanaposhindwa. Uvimbe wa midomo na ulimi usio na mabaka una njia yake: soma kwanza dawa zake za shinikizo la damu. Kaptopril na enalapril huweza kuleta uvimbe huo hata baada ya miaka ya kuzitumia bila tatizo. Zisimamishwe moja kwa moja, apewe dawa ya kundi lingine, na apelekwe kwa bingwa ikiwa uvimbe utaendelea kurudi au kama kuna ndugu wa damu wenye hali hiyo.

Mtoto ambaye wazazi wamemwondolea maziwa, mayai, karanga na samaki kwa hofu ya mzio, na uzito wake umeanza kushuka kwenye kadi ya kliniki, asisubiri. Njaa inayotokana na hofu humuumiza kuliko chakula chenyewe.

Dharura hutibiwa hapo ulipo

Rufaa ya bingwa kamwe isitangulie sindano ya adrenalini. Mgonjwa anayebanwa pumzi au anayeishiwa nguvu baada ya kuumwa na nyuki, kula au kuchomwa dawa, alazwe chali na miguu iinuliwe (anayeshindwa kupumua aachwe akae, mjamzito alale ubavu wa kushoto), kisha apewe adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita kwenye msuli wa upande wa nje wa paja: miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 0.5 kwa mtu mzima wala 0.3 kwa mtoto. Irudiwe kila baada ya dakika 5 hadi 15 kama hali haijatengemaa. Haidrokotisoni na piritoni hazichukui nafasi yake, na dakika zinazopotea kuzitafuta kwanza ndizo zinazoua. Baadaye abaki wodini kwa uangalizi, kwa kuwa dalili huweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia.

Barua yenyewe

Barua inayosema "Mzio, tafadhali mwone" humlazimu bingwa kuanza upya, wakati mgonjwa ameshasahau nusu ya mambo. Desturi yetu ni kuandika barua za kitabibu kwa Kiingereza, na hilo halina ubaya, ila maneno ya mgonjwa yaachwe kama alivyoyasema. "Koo lilikaza kama limefungwa kamba" husema zaidi ya istilahi yoyote. Kiini cha barua nzuri kinaweza kuwa hivi:

"Mwanamke wa miaka 34, mkulima wa pareto. Tarehe 12, saa nne asubuhi, aliumwa na nyuki mmoja shingoni. Ndani ya dakika 10 alipata mabaka mwili mzima, akakohoa, akaanguka. Presha alipofika ilikuwa 70/40. Alipewa adrenalini mara 2, akatengemaa. Aliwahi kuumwa miaka 3 iliyopita, akavimba mkono tu. Hana pumu, hatumii dawa nyingine. Anaishi saa 2 kwa pikipiki kutoka hospitalini. Tunaomba kujua: je, ana mzio wa sumu ya nyuki, na tumkinge vipi asipoweza kuacha shamba?"

Zingatia kwamba saa, idadi, muda kati ya chanzo na dalili, matibabu na mwitikio wake vyote vimo, na swali liko mwishoni likisubiri jibu. Kama ni dawa, andika jina lake halisi, kiasi alichopewa, ilikuwa dozi ya ngapi, na dawa nyingine zote alizokuwa akitumia wiki hizo, zikiwemo za miti shamba. Uliza hayo kwa heshima. Bibi aliyemfukizia mjukuu majani hatasema akiona daktari amekunja uso. Picha ya mabaka iliyopigwa kwa simu siku ya tukio ina thamani kubwa, maana siku ya kliniki ngozi huwa safi.

Kumwandaa msafiri

Dawa za kuzuia mwasho, yaani setirizini, loratadini na piritoni, pamoja na dawa za mafua zenye piritoni ndani yake, zisimamishwe siku 7 kabla ya kipimo cha kuchoma ngozi (tone la kitu kinachoshukiwa huwekwa kwenye ngozi, kisha ngozi huchomwa kidogo), la sivyo kipimo kitadanganya na safari itarudiwa. Dawa za pumu zisisimamishwe hata siku moja. Anayetumia atenololi au propranololi, dawa za moyo na shinikizo la damu, asiziache kwa uamuzi wake, bali zitajwe kwenye barua. Aliyepata mzio mkali wa ghafla apangiwe kipimo baada ya wiki 4 hadi 6, kwa sababu mapema zaidi ngozi huweza kukaa kimya. Kipimo cha kubandika, kile cha ukurutu wa mguso, hukaa mgongoni saa 48 na kusomwa tena siku moja au mbili baadaye; mgonjwa wake apange malazi ya Jumatatu hadi Ijumaa, na abebe maua, glavu, sabuni au mafuta anayoyashuku.

Wakati wa kusubiri asiachwe mikono mitupu. Mpe maandishi mafupi kwa Kiswahili yanayotaja kitu cha kuepuka na dalili za hatari. Sindano za adrenalini za kujichoma ni ghali na ni adimu kwetu. Kwa anayeishi mbali, mfundishe yeye na mtu mmoja wa nyumbani kutumia ampuli na bomba la sindano, warudie mbele yako hadi mikono iache kutetemeka, kisha uwaelekeze kuitunza mbali na jua na joto la jikoni. Zahanati ya kijiji chake ipewe nakala.

Atakaporudi, majibu ya bingwa yanakiliwe kwenye daftari lake na kwenye kumbukumbu za zahanati hiyo. Kama bingwa ameondoa mzio wa penisilini, neno la zamani lifutwe kwa mstari unaoonekana, tarehe na sahihi viandikwe kando, na mgonjwa aelezwe kwa mdomo ili siku nyingine, kwenye dirisha la dawa mahali pengine, aweze kujibu mwenyewe.