Namna ya kujua shule ya umma inakwama wapi kabla matokeo hayajatoka

Matokeo ya mtihani wa mwisho yakiwa mabaya, kila mtu ana jibu lake. Walimu wavivu, watoto watundu, wazazi wamejitenga, serikali haijali. Nilifundisha madarasa ya chini shule ya umma kwa miaka mingi na sasa nakaa kwenye kamati ya shule, kwa hiyo majibu hayo nimeyasikia nikiwa upande wa ubao na nikiwa upande wa wazazi. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuyafanyia kazi. Mtihani wa darasa la mwisho unasema mtoto ameanguka, hausemi alianza kuteleza lini. Kwa niliyoyaona mimi, mara nyingi aliteleza darasa la pili, wengine wote wakampita.

Kwa hiyo anzia chini. Mchukue mwanao aliye darasa la nne au la tano, mpe hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, asome kwa sauti. Hakikisha hajawahi kuiona. Nasisitiza hilo kwa sababu watoto ni mafundi wa kukariri. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyesoma ukurasa mzima kwa sauti safi, akafunua unaofuata kabla sijamwambia. Nikaweka kidole juu ya neno la katikati ya mstari, nikamuuliza hili ni neno gani. Akarudi mwanzo wa mstari, akaisema sentensi polepole kama anayeimba, mpaka akalifikia neno lenyewe. Hapo ndipo akanijibu. Kusoma hakujui, na daftari lake lilikuwa limejaa alama za vema.

Akishindwa hadithi, mpe aya fupi. Akishindwa aya, mpe maneno, kisha herufi. Ngazi za namna hiyo ndizo zinazotumika katika ASER, upimaji wa kusoma na hesabu kwa watoto nchini India tangu mwaka 2005, na mpango wa Uwezo ukafuata mkondo huohuo Kenya, Tanzania na Uganda. Wapimaji wao huwafuata watoto majumbani, kwa hiyo hata mtoro anahesabiwa. Mtoto akiisoma hadithi yote, muulize swali moja ambalo jibu lake liko ndani yake. Wapo wanaotamka kila neno sawasawa na hawajui kilichotokea, hasa pale lugha ya kitabu inapokuwa si ile wanayozungumza nyumbani.

Hesabu usiende mbali. Andika 42 kutoa 17. Akikuletea 35, usimwambie amekosa ukaishia hapo. Ametoa 1 kwenye 4, kisha akatoa 2 kwenye 7, kwa sababu anaamini siku zote ndogo ndiyo inatolewa kwenye kubwa. Ana kanuni, ila kanuni mbovu, na kila mwaka anajengewa hesabu mpya juu yake. Ukimpa kugawanya kwa tarakimu nyingi atakwama, na mwalimu wa darasa la sita ataandika kwamba mtoto ni mzito.

Ukigundua mwanao yuko hivyo, ujue hayuko peke yake. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba asilimia 53 ya watoto katika nchi za kipato cha chini na cha kati wanafika miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa hadithi fupi. Zaidi ya nusu! Idadi kama hiyo haielezwi na uvivu wa mwalimu mmoja mmoja.

Maelezo yake kwa sehemu kubwa ni mwendo wa mtaala. Mwalimu wa darasa la nne anakaguliwa amefika mada ya ngapi. Mkaguzi anafungua azimio la kazi (mpango wa mada na tarehe zake) na andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja), anatazama tarehe, anasaini. Hakuna safu ya kuandika ni watoto wangapi wameelewa. Mwalimu akisimama wiki tatu kurudia kutoa kwa kukopa, yeye ndiye anayeonekana amechelewa. Basi anasonga na wachache walio mbele, kwa kuwa ndio wanaonyoosha mikono, na wengine wananakili ubao. Mkabidhi mwalimu hodari wa shule yoyote ya kulipia darasa hilo kwa masharti hayohayo, naye atasonga vilevile.

Baada ya hapo fungua madaftari. Tazama tarehe kwanza: kama somo la kila siku lina kazi mbili kwa mwezi, kuna vipindi vinapotea. Kisha tazama baada ya kosa kuna nini. Alama ya kosa peke yake haifundishi, tafuta masahihisho ya mtoto chini yake. Ukikuta vema tupu kwenye kazi yenye makosa, daftari limepigwa saini tu, halijasomwa. Ila kabla hujamlaumu mwalimu, piga hesabu hii. Darasa la watoto 80, dakika mbili kila daftari, ni saa mbili na dakika 40 kwa somo moja. Jaribio la STAR, la kupima athari ya ukubwa wa darasa, lililoanza Tennessee, Marekani, mwaka 1985 lilionyesha kwamba watoto wadogo katika madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17 walijifunza zaidi kuliko wenzao wa madarasa ya 22 hadi 25. Huko 25 ndilo lilikuwa darasa kubwa.

Muda nao upime. Muulize mtoto kila jioni walisoma vipindi gani, ulinganishe na ratiba. Kipindi cha dakika 40 kikianza kwa kuchelewa dakika tano na nyingine tano zikaishia kwenye kuita majina, robo imekwenda. Mwaka wa siku 190 za masomo ukikatwa hivyo unapoteza siku 47 na zaidi, na hakuna aliyekosa kazini hata siku moja.

Kuhusu kulinganisha ufaulu na shule binafsi, nina neno moja. Uliza waliofanya mtihani ni wangapi na walioanza nao darasa la kwanza walikuwa wangapi. Shule inayowakariri­sha darasa au kuwahamisha walio dhaifu kabla ya mtihani itaongoza daima. Katika PISA ya 2018, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, wanafunzi wa shule binafsi katika nchi za OECD (umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri) walikuwa juu kwa wastani kwenye kusoma, lakini hali ya kiuchumi ya wanafunzi na ya shule ilipozingatiwa, wa shule za umma ndio waliokuwa juu.

Sasa nenda shuleni, usiende na lawama. Nenda na karatasi ya mtoto. "Mwalimu, amesoma maneno, aya imemshinda. Darasani wako wangapi kama yeye?" Mwalimu mzuri atashukuru kwamba kuna mtu ameuliza. Kwenye kamati msiombe masomo ya ziada ya mada zilezile, hayo huwanufaisha wanaoelewa tayari. Ombeni saa moja kila siku ambayo watoto wa darasa la tatu hadi la tano wanagawanywa kwa kiwango cha kusoma na si kwa umri: wa herufi kwa mwalimu huyu, wa maneno kwa yule, wa hadithi wapewe vitabu. Shirika la Pratham limefanya hivyo India kwa miaka mingi, na haihitaji jengo jipya. Inahitaji mwalimu mkuu aliye tayari kuifungua ratiba, na orodha ya majina yenye ngazi ya kila mtoto, inayopimwa upya kila baada ya wiki chache kwa hadithi nyingine ya kiwango kilekile. Ikifika mwisho wa muhula na majina yaleyale bado yako kwenye herufi, pelekeni orodha hiyo kwa afisa elimu, pamoja na idadi ya walimu na watoto waliopo.