Sauti za kamera: zizime, usizifute

Ndugu zangu mnaopiga video za arusi hapa Bukavu, mkihariri kamera tatu, sauti ya kusikika iwe moja: ile ya kinasa kilichochomekwa kwenye miksa (mashine ya kuchanganya sauti) ya ukumbi. Traki za sauti za kamera zizime, lakini usizifute! Umeme ukikatika na miksa ikanyamaza katikati ya kiapo, ndizo zitakazokuokoa.

Kabla ya sherehe kuanza, kamera zikiwa zinarekodi, mtu apige kofi moja mbele ya kamera zote. Kilele chake utakiona wazi kwenye mawimbi ya sauti, nacho utakitumia kuzilinganisha rekodi ziende pamoja. Ila kamera iliyo mita 34 nyuma hulisikia likiwa limechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu (picha moja moja za video) mbili na nusu ukirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde. Hiyo ilinganishe kwa picha, pale viganja vinapokutana.