Kupima ukakamavu wa fremu ya gari la michezo la nakala

Uimara na ukakamavu (kutojisokota kirahisi) ni vitu viwili. Fremu inaweza kubeba mzigo bila kuvunjika na bado ikajisokota kwenye kona. Chuma cha daraja la juu hakiongezi ukakamavu. Kinachouongeza ni upana wa bomba na pembetatu za kuimarisha.

Funga fremu nyuma, pale suspensheni inaposhikia, kwenye stendi zisizocheza. Mbele iegemeze kwenye egemeo moja la katikati, kisha funga boriti ya kukingama. Ning'iniza kilo 50 mita 1 kutoka katikati: hizo ni takribani niutoni-mita 490 za nguvu ya kusokota. Tundika na uondoe mzigo mara moja kwanza, boliti zikae.

Geji za kupima msogeo wa fremu, moja kila upande, zisimame sakafuni, kamwe si juu ya fremu. Zikiwa mita 1 mbalimbali, upande mmoja ukishuka milimita 2 na mwingine ukipanda 2, msokoto ni nyuzi 0.23, yaani ukakamavu ni kama niutoni-mita 2,140 kwa kila nyuzi 1. Ondoa kwenye hesabu msogeo wa nyuma, la sivyo unapima stendi!

Fremu ya ngazi (bomba mbili ndefu zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama) mara nyingi hulegea kwenye uwazi wa abiria. Ukilinganisha vipimo, linganisha fremu tupu, isiyo na bodi, na nyingine tupu.