Gunia la kamba nyekundu: namna ya kujiandaa na bili ya hospitali kabla mtu hajaugua

Ghalani kwangu hapa Igunga, mkoani Tabora, gunia la kwanza la mpunga halihesabiwi na mengine. Nalifunga kwa kamba nyekundu, nalichora HOSPITALI kwa mkaa, na mke wangu ana ruhusa ya kunigombeza nikilisogelea. Nilianza hivyo baada ya kuuza mitamba miwili kwa bei ya kutupa, mama akiwa wodini na kadi yetu ya bima ya afya imeisha wiki mbili nyuma. Mnunuzi alinitazama usoni tu akajua nina shida, akashusha bei.

Mwenye ajira serikalini hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, kadi yake inaendelea hata akisahau. Sisi wa jembe fedha tunaishika msimu mmoja. Kwa hiyo cha kwanza ni kuangalia kadi inaisha mwezi gani. Yangu ilikuwa inaisha Machi, ghala likiwa limebaki pumba. Nilipokata upya nikasubiri Desemba makusudi, kwa sababu mpunga unakuwa umepanda bei na gunia moja linatosha. Usiliuze Julai kila mtu anapouza.

Kabla ya kulipa, nenda zahanati yako siku ya kawaida, bila mgonjwa, uulize dawa gani zipo leo. Nasema hivi kwa uchungu. CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, nchi hii ilianzia hapa Igunga mwaka 1996, na baba alikuwa miongoni mwa waliolipa mapema, shilingi 5,000 kwa kaya. Tulichochanga, serikali iliongezea kiasi kile kile: ndiyo tele kwa tele. Asiye na kadi alilipa papo kwa papo. Baba alijitoa baada ya miaka michache, na wala hakukosa hiyo 5,000. Alikwenda na kadi mara tatu, mara tatu akarudi na karatasi ya kununua dawa dukani. Mwaka 2022, muswada wa bima kwa wote ulipokuja na mchango wa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, kijiwe cha kahawa kilichemka, watu wakikumbuka CHF iliyoboreshwa ilikuwa 30,000. Sheria ikapita bungeni Novemba 2023. Bei tubishane, ni haki yetu. Lakini mimi nabaki na swali la baba: nikifika na kadi, dawa ipo? Liulizeni kwenye mkutano wa kijiji, mtendaji akiwepo, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Mwandikishaji wa bima akija, muulize mambo manne: kadi inaanza kufanya kazi siku gani, inapokelewa vituo gani, nini hakimo, na nani wanahesabiwa kwenye kaya. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwanangu aliandikwa Masanja kwenye cheti na Msanja kwenye kadi, tukapoteza asubuhi nzima dirishani kwa herufi moja.

Mtu akiugua, isipokuwa ni dharura, anzia zahanati au kituo cha afya na usiondoke bila barua ya rufaa. Ipige picha kwa simu. Ukiruka ngazi ukaenda moja kwa moja hospitali ya mkoa, jiandae kulipa taslimu. Kwenye hospitali binafsi, piga simu kabla ya kupanda basi. Machi 2024 baadhi yao zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa mvutano wa bei za kitita kipya cha mafao, na mgonjwa hawezi kuyajua hayo akiwa njiani.

Sasa wodini. Hapa ndipo fedha hupotea, basi nisikilizeni vizuri. Anayeuguza awe na daftari la shule na kalamu. Dada yangu aliandika kila kitu cha mama: "Jumanne asubuhi, dripu moja. Kipimo cha damu. Jumatano, kidonda kimesafishwa." Siku ya kuruhusiwa bili ilisema kitanda siku 6, daftari lilisema usiku 4. Hatukupiga kelele. Dada alilifungua daftari mbele ya mhasibu, wakapitia mstari kwa mstari, yeye mwenyewe akasema hapa tumekosea. Ikapungua shilingi 38,000. Bila daftari tungelipa na kushukuru.

Lipa kwa namba ya malipo, risiti uitunze. Fedha ya mkononi kwenye korido usimpe mtu, hata akivaa koti jeupe. Ukiambiwa dawa hakuna, mrudie daktari umuulize kama kuna nyingine ya kazi hiyo hiyo iliyopo, kisha uulize bei maduka mawili kabla ya kununua.

Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha kwenye vituo vya serikali. Mama alistahili, nami sikujua; mitamba ile ingekuwa imezaa sasa. Siku ya kwanza kabisa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Ukingoja siku ya kutoka, bili imeshafungwa na wewe umeshaanza kukopa.

Mwaka huu nimefunga kamba nyekundu kwenye magunia mawili. La pili ni nauli ya kwenda Tabora mjini na chakula cha anayeuguza, maana vitu hivyo sijaona kadi inayovilipa.