Okidi ya Chungu: Kagua Mizizi Kabla ya Kubadili Chungu

Mizizi ya okidi ikianza kuchungulia nje ya chungu, wengi hudhani mmea umebanwa na hukimbilia kununua chungu kikubwa. Kwa Phalaenopsis, ile okidi ya madukani yenye majani mapana na maua kama vipepeo, hiyo si dalili ya shida. Kwao Asia ya Kusini-Mashariki huota juu ya magome ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Hata pwani ya Afrika Mashariki ina jamaa yake, Ansellia africana, anayekaa juu ya miti bila kugusa udongo. Basi mzizi unaotambaa ukingoni mwa chungu unafanya kazi yake. Usiukate, wala usiulazimishe kuingia ndani.

Sababu ya kweli ya kuhamisha okidi ni kuoza kwa kile kilichomo chunguni, yaani vipande vya magome ya miti. Magome yakikaa mwaka mmoja na nusu hadi miwili humeguka yakawa chengachenga, chengachenga zikashikana kama tope, hewa ikakosa njia na mizizi ikakosa pumzi. Joto na unyevu wa pwani huharakisha jambo hilo. Ukibonyeza juu kwa kidole pakabonyea kama mboji, au chungu kikitoa harufu ya uvundo, muda umefika.

Kama bado una shaka, itoe okidi chunguni uangalie. Mzizi mzima ni mgumu ukiubana kwa vidole viwili. Ukiwa mkavu una rangi ya fedha, ukilowa hugeuka kijani, kwa sababu umevikwa tabaka linalofyonza maji kama sponji. Mzizi uliooza ni wa kahawia na unateleza. Ukiuvuta kidogo, ganda lote huchomoka na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Mizizi ikiwa migumu na magome bado yana umbo lake, irudishe okidi ilimokuwa, uiache mwaka mwingine.

Hapa ndipo okidi nyingi hufia: majani yakilegea, mtu huongeza maji. Lakini majani hulegea kwa kiu, na hulegea vilevile mizizi inapooza, kwa kuwa mzizi uliokufa haunywi. Angalia mizizi kwanza, ndipo ushike kopo la maji.

Ikiwa na maua, subiri yaanguke, kwani ukiisumbua itaangusha na matumba ya maua. Wakati mzuri ni pale unapoona jani jipya katikati, au ncha za mizizi zinazong'aa kwa kijani au wekundu. Ila ukikuta mizizi inaoza usingoje. Hamisha siku hiyohiyo, na bua la maua ulikate ili nguvu iliyobaki iende kwenye mizizi.

Chungu huchaguliwa kwa wingi wa mizizi iliyobaki, si kwa ukubwa wa majani. Mizizi ikiwa mizima karibu yote, tumia kilekile kilichooshwa, au kilichozidi kwa sentimita 2 hadi 3 tu. Ukikata nusu ya mizizi, rudi kwenye kidogo zaidi, maana chungu kikubwa hubaki kimelowa katikati kwa siku nyingi. Plastiki inayoonyesha ndani, yenye matundu mengi chini, ndiyo tunayoipendelea, kwa kuwa utaona rangi ya mizizi bila kuchimbua.

Kujazia, chukua makopo manne ya magome ya msonobari yaliyokatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2, na kopo moja la vipande vya mkaa wa kawaida, uliooshwa vumbi na usio na majivu. Yamwagie magome maji ya moto uyaache usiku kucha. Yakiingia chunguni makavu, maji yatapita juu juu tu. Makumbi ya nazi yaliyokatakatwa nayo yanafaa, lakini huwa na chumvi: yaloweke saa 24, ukibadili maji angalau mara tatu. Hushika maji kuliko magome, kwa hiyo mahali penye unyevu mwingi usiyatumie peke yake. Udongo wa bustani na vumbi la mbao usivitie kabisa.

Mwagilia okidi siku moja kabla, ili mizizi ilainike isivunjike. Minya chungu pembeni, utoe mmea, na ukung'ute yote ya zamani. Okidi mpya za kitaluni mara nyingi huwa na donge la kuvumwani (moss, mimea midogo laini inayoshika maji) katikati ya mizizi. Litoe kwa kibanzi polepole, kwa sababu hubaki limelowa hata juu pakionekana pakavu, na ndipo uozo huanzia. Mzizi ulionasa kwenye gome usiung'oe, acha gome lake liende nalo.

Pitisha mkasi kwenye moto au uufute kwa spiriti, na urudie kila unapohamia mmea mwingine, kwani virusi vya okidi husafiri kwenye makali. Kata mizizi laini hadi ufike palipo pagumu. Mdalasini wa unga gusisha kwenye kidonda tu, kwa kuwa hukausha, na ukiumwagia mizizi mizima utaiumiza.

Weka mmea ili shina, pale majani ya chini yanapoanzia, liwe sawa na uso wa magome. Likizama litaoza. Jaza kidogo kidogo ukigonga chungu mezani ili vipande vishuke katikati ya mizizi, usivishindilie kwa ngumi. Ukiinua okidi kwa shina ikayumba, ifunge kwenye kijiti, maana mmea unaotikisika hukwaruza ncha changa za mizizi na haushiki.

Kama ulikata mizizi, kaa siku 3 hadi 5 bila kumwagilia ili vidonda vikauke. Kisha mwagilia mpaka maji yatiririke chini, yaache yachuruzike, na urudie tu mizizi inapogeuka rangi ya fedha. Maji yakituama katikati ya majani yafyonze kwa kitambaa. Iweke kivulini penye mwanga kwa wiki mbili, na mbolea iache kwa mwezi mzima.

Jani moja la chini likigeuka njano baada ya hapo, ni la uzee au uchovu wa kuhamishwa, liache likauke lenyewe. Yakianza ya juu, itoe tena ukague mizizi.