Kufanya kazi na Mfilipino: lipi useme mbele za watu, lipi faragha

Ukifanya kazi na Mfilipino hapa Dar, iwe bandarini, hotelini au kwenye ofisi ya mradi, shika kwanza hili: kumwaibisha mtu mbele za wenzake ni kosa zito kuliko kosa lenyewe alilofanya. Mtu wa pwani aliyelelewa kwa stara ataelewa upesi, ila kuna mahali tunateleza.

Kumsahihisha ndiko kunakoharibu zaidi. Kupaza sauti, "Bwana wee, hesabu gani hizi?" mbele ya madereva na makarani, kwetu huishia kwenye kicheko. Kwake ni kudhalilishwa. Hatabisha, atatabasamu, na tabasamu hilo ni la kufunika aibu. Kesho salamu zitakuwa nusunusu, taarifa zitaanza kuchelewa, nawe hutajua kwa nini.

Subiri watu watawanyike, mwite pembeni. Anza na alichofanya vizuri, kisha lizungumzie kosa kama jambo la karatasi: "Idadi ya makontena haikulingana na orodha ya meli, hebu tuitazame pamoja." Kabla hamjaachana, muulize habari za nyumbani, ajue hamjagombana. Kama aliyekosea ni mkubwa wako kwa umri au cheo, mtume mtu wa kati anayeheshimiwa na wote wawili. Kwao huo ni utaratibu wa kawaida, wala si umbea.

Ukishamwaibisha, usimdai maelezo. Kununa huko wenyewe hukuita tampo, na anayenuna anangoja kubembelezwa. Mpelekee chai na maandazi saa nne, mwombe radhi mkiwa wawili, umwalike chakula. Ukinuna nawe, mtanuniana mpaka mkataba uishe.

Jambo la pili ni "ndiyo" yake. Ukimuuliza kikaoni, "Utamaliza Ijumaa?" huenda akaitikia kwa sababu kukukatalia usoni ni kukuvunjia heshima. "Nitajaribu" na "labda" zihesabu kuwa hapana mpaka uthibitishe. Swali liwe: "Kimebaki nini, na nani akusaidie?" Muulize faragha, au mwandikie ujumbe, maana huko hakuna anayemtazama. Akiinua nyusi bila kusema neno, amekubali, au amekusalimu, hajakudharau.

Ukimwalika nyumbani, mwaliko wa mara moja anaweza kuuchukua kama adabu tu. Rudia, taja siku na saa. Mezani pasikose wali, ugali uwe wa kuonja. Mpe kijiko na uma: kijiko mkono wa kulia, uma wa kushoto wa kusukumia chakula. Akizoea nyumba atakula kwa mkono, kwani nao hula hivyo. Kipande cha mwisho cha samaki atakiacha hata kama ana njaa, basi mwekee mwenyewe kwenye sahani. Zawadi uliyompa akiiweka kando bila kuifungua, usinung'unike. Kuifungua mbele yako kungeonekana ulafi. Na akishika mkono wa bibi akaugusisha kwenye paji lake la uso, amemwamkia. Bibi aitikie marahaba.

Kuhusu kitimoto, yaani nyama ya nguruwe: Wafilipino wengi ni Wakatoliki na nyama hiyo ni ya sherehe kwao, lakini wapo Waislamu pia, hasa wa Mindanao, kisiwa cha kusini mwa Ufilipino. Muulize kabla, kwa siri. Kama kwenye shughuli kuna Waislamu naye ameahidi kuja na chakula, mwambie mapema asije akaumbuka mlangoni.

Linalohitaji uangalifu kuliko yote ni ndoa. Yeye atakuuliza waziwazi umri wako, kama umeoa, hata kukwambia umenenepa. Huo ni ukarimu. Usidhani basi nawe una ruhusa ya kumchimba. Sheria ya Ufilipino haiwapi talaka raia wasio Waislamu wanaooana wao kwa wao. Waislamu wanayo chini ya sheria yao ya mwaka 1977. Waliobaki, ndoa ikivunjika, huenda mahakamani kuomba ibatilishwe, kesi ndefu na ya gharama, au hutengana tu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mke wa kwenye cheti na mwenza mwingine anayeishi naye. Mbele za watu muulize wanawe na wazazi wake, ndoa iache. Akikusimulia mwenyewe usiku mmoja mkiwa wawili, sikiliza, usimhukumu, na lisifike kijiweni hata kwa utani.